Kofi la Sindano

Kiungo waliyemwita Sindano alipitisha mpira pale ambapo hata upepo ungeomba njia. Lakini hasira zake zilikaa puani. Aligombana na waamuzi, na makocha, hata na wauza tiketi.

Siku ya nusu fainali, wakala wa wachezaji alitoka ng'ambo kuja kumtazama yeye. Sindano alicheza mpaka watu wakapanda juu ya viti. Kisha mdogo wake, beki wa timu hiyohiyo, akateleza, wakafungwa. Sindano akamfuata, akamzaba kofi mbele ya uwanja mzima.

Mdogo wake hakurudisha mkono. Aliokota mpira wavuni, akaupeleka katikati. Sindano alitolewa kwa kadi nyekundu, na wakala akaondoka na mdogo mtu.

Baada ya hapo kila timu ilimchoka Sindano, akaishia kuziba pancha. Mama yao alipowasha televisheni kutazama mechi za ng'ambo, yeye alitoka nje.

Miaka ikapita. Mdogo wake alistaafu, akarudi, akamfuata gereji.

"Kaka, nafungua shule ya mpira. Njoo ufundishe viungo. Hakuna anayeijua kazi ile kama wewe."

Sindano hakuinua uso kutoka kwenye tairi. "Umekuja kunisimanga kwa lile kofi?"

"Kofi nilikusamehe siku ileile, kaka."

Hilo lilimuuma kuliko matusi. Akavurumisha spana, ikamkosa mdogo wake kwa inchi, ikagonga ukuta. Mdogo mtu akageuka, akaenda zake.

Shule ilifunguliwa bila Sindano.