Pilau Iliyobebwa na Bwana Harusi

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta kwa kinyozi, Ukunda, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili bado. Nilimwomba kinyozi aharakishe, nikafika mazishini Msambweni na kichwa chenye mabonde. Marehemu angenisamehe, ila angenicheka kwanza.

Alikuwa msimamizi wa karamu katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ilipofungwa, alianzisha kazi ya kupikia harusi pamoja na wanawake wanne waliokuwa naye jikoni. Alipenda ratiba kupita kiasi. Hata kukata vitunguu kulikuwa na saa yake.

Harusi yao ya kwanza ilikuwa Mkongani, nami nilikuwa katika msafara wa bwana harusi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Njiani tukakuta lori lao limezama kwenye tope na kuziba barabara, na marehemu amesimama kando na shati lake la pasi, akitazama saa. Mpishi wake mkuu, mmoja wa wale wanawake wanne, akamwambia, "Kaka, nyama haingoji."

"Tulipanga kupika kwa kina bibi harusi."

"Na wageni wamepanga kula."

Bosi aliitazama saa tena. Jina la biashara yake changa lilikuwa ndani ya tope lile, na uso wake ulisema hivyo. Kisha akavua viatu, akacheka. "Haya, shusheni sufuria."

Sikusikia amri nyingine. Huyu alitafuta mafiga, yule akaomba kuni kavu kwa jirani, na bosi mwenyewe akachuchumaa chini ya turubai akichambua mchele. Pilau ikaiva, lori bado limekwama. Basi tukakunja kanzu, tukazitundika sufuria kwenye fito nene na kuzibeba mabegani, bwana harusi akiwa mmoja wetu.

"Sijapata kuona bwana harusi mchukuzi," ami yake alinung'unika.

"Leo utamwona, na utakula," mpishi akamjibu.

Bibi yake bibi harusi alidhani tumeleta zawadi, akapiga vigelegele. Naambiwa ziko nyumba huko zinazoshikilia hadi leo kwamba bwana harusi kuja na pilau ni mila ya mababu.

Mipango si matumizi, nasi hulisema hilo huku tukigombana na kila kinachokataa kufuata mpango. Marehemu hakuacha kupanga. Aliacha tu kugombana na mvua. Wale wanawake wanne nao hawakumwacha. Ndio waliopika kwenye hitima yake, wakifuta machozi na kubishana juu ya chumvi.

Siku hizi mtu akinijia kutaka ushauri wa biashara, sianzi kwa kumuuliza mpango wake. Namuuliza gari likizama, ni nani atakayeshuka naye topeni.