Mbuzi Waliochagua Njia ya Ulaya

Gogo la daraja lilikuwa limelala juu ya goti langu, maji ya mto yananifika kidevuni, na muzungu amesimama ukingoni anauliza, "Mbao? Mbao iko salama?"

Kapita, msimamizi wa kijiji chetu, akajibu upesi, "Ndiyo Bwana, iko salama. Hata tone la maji hazikupata."

Muzungu akashusha pumzi. Ndipo akanitazama mimi.

Mbao zenyewe zilikuwa mbili, nyembamba, ndefu kupita mutu, ncha zimepinda juu kama mdomo wa mtumbwi. Muzungu huyo alikuwa mkubwa wa serikali pale Kabambare, kabla ya vita. Alizitundika barazani, na mupishi wake, ambaye ni mtoto wa shangazi yangu, alizipaka mafuta kuliko alivyowapaka watoto wake. Tulimuuliza ni za kazi gani.

"Kwao kuna milima ya baridi nyeupe. Wanapanda, wanafunga hizi miguuni, wanateremka."

"Kule juu wanafuata nini?"

"Hakuna kitu. Wanapanda ili wateremke."

"Na nani anawapandisha?"

Mupishi hakujua. Tukaona basi hata Ulaya wako watu wa kubeba tipoye, kile kiti cha mabegani, na tukawaonea huruma.

Konje yake, ile likizo ya kwenda kwao, ilipokaribia, muzungu na mukewe wakaanza kubishana mezani: waifuate baridi hiyo kwa njia gani? Madamu alitaka njia ya ziwa, wabebwe kwa tipoye kuvuka milima mpaka Tanganyika, halafu meli, halafu treni mpaka baharini. Bwana alitaka motokari mpaka Kasongo, kisha mto. Alisema kwenye tipoye mbao zake zitagonga miti. Mupishi alitoka na sahani chafu na habari pamoja.

Wao walichagua safari. Sisi tulijua wanachagua nani ateseke. Kwa njia ya ziwa, watu wa milimani wangetoa mabega. Kwa njia ya Kasongo, sisi wa kando ya barabara tungeuacha mpunga wetu kwa ndege, twende kujaza mashimo na kukata magogo. Na daraja letu lilikuwa limeoza. Kapita alilijua vizuri, maana ndiye aliyetuamuru tulifunike kwa udongo na majani siku ya ukaguzi, apate sifa.

Wazungu walipochoka kubishana wakamwita karani wa ofisi yao. "Weye unajua inchi. Njia gani iko nzuri?"

Karani alisema ataulizauliza kwanza. Inchi nzima ilielewa maana ya kuulizauliza.

Watu wa milimani wakamteremshia mbuzi jike mnene, anatembea polepole kama mke wa tajiri. Sisi nasi tukachanga, tukanunua wa kwetu mzuri, tukampa kapita ampeleke na neno moja: daraja limekufa, motokari isipite. Mimi nikachaguliwa kumvuta. Nilipofika kwa kapita kumchukua, yule mzuri amekwisha kufungwa nyuma ya nyumba, na mimi napewa kamba ya beberu mwembamba.

"Baba, huyu anakohoa."

"Karani atamuoa? Peleka!"

Njia nzima tulikohoa wawili, yeye kwa ugonjwa, mimi kwa kucheka. Karani alimzunguka, akamshika mbavu.

"Kapita wenu ananisalimu hivi?"

"Karani, daraja limekufa, ni kweli."

"Lingekuwa limekufa kweli, mungeniletea mbuzi muzima."

Kesho yake akamwambia muzungu daraja letu ni chuma tupu. Madamu akashindwa, motokari ikapakiwa.

Siku ile zile mbao zilikuja zimefungwa blanketi juu ya motokari. Gurudumu la kwanza lilipokanyaga, daraja likalia. Muzungu akarudi nyuma, akashuka, akaamuru mbao zivushwe kwanza kwa mikono ya watu. Mimi mdomo wangu haukuwa na mlango, nikasema, "Bwana, tuzilaze chini ya magurudumu. Ziko ndefu sawasawa." Watu wote wakacheka. Muzungu hakucheka, na kapita alipoona muzungu hacheki akakasirika kwa niaba yake.

"Weye mwenye akili, shuka chini ushike nguzo."

Nikashuka. Motokari ikapita. Gogo nalo likapita, likaishia kwenye goti.

Kwenda hospitali ya Kasongo sikupata nafasi ndani ya motokari. Kiti cha nyuma kilikuwa na mbao, maana sasa Bwana hakutaka tena zikae juu. Nilibebwa kwa machela na watu wa kijiji, na muzungu akaenda kuteleza kwao. Hakurudi kwetu. Labda goti lake halikupata neno.

Langu halijakunjika tangu siku ile. Sasa mimi ni mutu mzima, nakaa Kasongo, na msikitini naswali juu ya kigoda, kule nyuma karibu na viatu. Kapita alikwisha kufa, na mbuzi wetu tumboni mwake. Lakini karani yupo. Anaswali safu ya kwanza. Nauona mgongo wake ukiinama vizuri, magoti yote mawili yakikunjika kama mapya, na watu wakitoka wanamwita mzee wetu.

Basi, mzee wetu, barua hii nimemwandikisha mjukuu wako anayesoma, ili usiseme hukuisikia. Ijumaa ijayo mimi nitakuwa mlangoni. Ukitafuta viatu vyako, viko chini ya kigoda changu, na mimi niko juu yake, na kuinuka kwangu unajua kulivyo kugumu. Utavipata. Kwanza simama hapo peku mbele ya watu, unijibu: nilikwambia au sikukwambia kwamba daraja limekufa?