Mwalimu Wangu wa Drafti Alikuwa Anakaanga Vitumbua

Mimi sipendi kuchekwa. Nalisema mapema ili msinichokoze mbele ya safari. Mwaka ule wa sabini na sita nilikuwa na cherehani yangu barazani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nashona suti za Kaunda za wakubwa wa tawi la chama, na mkono wangu ulisifiwa mpaka Upanga. Lakini hatua kumi kutoka cherehani palikuwa na benchi la drafti, na pale, jamani, nilikuwa si kitu.

Mfalme wa benchi alikuwa Mzee Mbaruku, balozi wetu wa nyumba kumi. Sheria za pale zilikuwa mbili tu: anayefungwa anainuka, na mshindi ndiye anayemwita wa kukaa naye. Kwa kuwa mshindi alikuwa yeye siku zote, aliita amtakaye, na akitaka kunywa kahawa yake kwa raha aliniita mimi. "Njoo, Kitafunwa!" Watu hoi kwa kicheko. Nakaa, nafungwa, nainuka, na kikombe chake bado kinafuka moshi.

Sasa ninayetaka kuwasimulia ni Mama Isidori. Jina lake Paskalina, mtu wa Mahenge, mjane, mkaanga vitumbua pembeni ya benchi lile. Ubao wa drafti aliuchonga marehemu mumewe, Wilbert, aliyekuwa seremala, na jioni walikuwa wakicheza wawili nyumbani kwao Buguruni. Wilbert alipofariki, ubao alikuwa amewaazima watu wa benchi, na ukabaki benchini. Mama Isidori akaomba akae mara moja tu. Mzee Mbaruku akamjibu mbele za watu: "Mama, geuza vitumbua vyako. Siku nikifungwa, huyo atakayenifunga akikuita, kaa." Miaka sita mwanamke yule aligeuza vitumbua huku ubao wa mumewe ukigongwa vizibo vya soda na watu wasiojua kucheza. Siku aliyonieleza hayo alijifuta macho, akasingizia moshi.

Asubuhi moja nilikwenda kwake kununua kifungua kinywa.

"Fundi Anaeli, jana umefungwa mara ngapi?"

"Mama Isidori, nipe vitumbua vitano, hayo mengine niachie."

"Nikikufundisha ukamfunga Mbaruku, utaniita nikae?"

"Nitakuita hata kwa tarumbeta!"

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akapindua sinia, akachora miraba kwa mkaa, akapanga maharage upande wake na punje za mahindi upande wangu. Nikadhani nitapata mafunzo ya upole. Thubutu! Sahani yangu ya vitumbua aliiweka magotini pake. "Kila kete utakayopoteza kizembe," akasema, "kitumbua kimoja kinarudi kwangu." Siku ya kwanza nilikwenda kushona na njaa yangu. Siku ya pili vilevile, na kimoja alikila mbele yangu, polepole, ananitazama.

"Tatizo lako una pupa," aliniambia. "Drafti kula ni lazima, na Mbaruku anajua hilo kuliko wewe. Anakupa moja, unakula mate yanakutoka, kumbe mlango umeuacha wazi anakula tatu. Ukiwa na njia mbili za kula, usiangalie unachokula. Angalia unapotua." Na jingine: "Mstari wako wa nyuma usiuguse. Hilo ndilo komeo la nyumba yako." Nikiugusa, mwiko ulitua vidoleni, wa moto.

Nilivumilia wiki tano. Suruali ikanipwaya, nikaipunguza kiuno mwenyewe. Wiki ya sita nilikula vitumbua vyote vitano, na Mama Isidori akaniambia, "Haya, nenda kaitwe."

Jumamosi mchana Mzee Mbaruku akapata kahawa yake. "Kitafunwa!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, usichelewe kuinuka."

Nikacheza kwa adabu. Kahawa ikapoa, akaacha kupiga soga. Mwishowe akanisogezea kete moja, akatabasamu. "Kula, mwanangu, ni lazima." Nilikuwa na njia mbili. Ya kushoto ilinikaribisha kabisa, na mkono wangu ulishaanza kwenda. Nikasikia mwiko ukigonga karai, ngo! Vidole vyenyewe vikarudi nyuma. Nikala upande wa kulia. Mtego wake ukabaki bila panya, mstari wake wa nyuma wazi, nikapenya nikaingia kingi, kete yangu sasa inakwenda mbele na nyuma. Baada ya hapo nilimfagia mpaka kizibo cha mwisho.

Kisha Melkiori, mpagazi wa sokoni, akapiga kelele, "Balozi kaliwa!" Wakanibeba juu juu. Mzee Mbaruku akainuka, akakung'uta kanzu isiyo na vumbi.

Nawaambia ukweli: nilitaka kujisahaulisha. Utamu wa kushangiliwa ulinipanda kichwani, nikaangalia nani wa kumwita, nikijifanya simwoni. Alikuwa amesimama na kanga yake, ameshika mwiko kwa mikono miwili. Aibu ikanishika. Nikaita, "Mama Isidori, karibu ukae."

Wanaume wakaguna. Sheria ni sheria, hakuna aliyepinga. Akaketi, akapitisha kiganja juu ya ubao mara moja, akapanga vizibo.

Hapo ndipo akili iliponijia, imechelewa. Wiki sita zote nilikuwa nikifikiria siku ya kumwita akae. Nani atakuwa amekaa upande wa pili sikuwahi kufikiria hata siku moja! Kila nilichojua nilikitoa kwake. Nilinyanyua kete, yeye alishajua naipeleka wapi. Akanipa moja, nikala, ni lazima. Akala nne kwa mruko mmoja.

"Hili hukunifundisha!" nikafoka.

"Nilikufundisha ya kumfunga Mbaruku tu," akasema. "Inuka, baba."

Nikainuka. Mzee Mbaruku alishasogea mbio mbio, amekunja mikono ya kanzu, anataka kukaa mahali pangu.

Mama Isidori akaweka mkono juu ya benchi. "Balozi," akasema kwa heshima zote, "mshindi ndiye anayeita. Melkiori, njoo wewe kwanza."

Akawaita wapagazi, akamwita muuza kahawa, akaniita mimi tena, akatufunga wote. Mzee Mbaruku alisubiri amesimama mpaka adhana ya alasiri.