Bodi za Kijani kwenye Ukuta wa Bibi

Shangazi yangu wanamwita Pima Tena. Ni fundi wa kuta za jipsamu, zile bodi za chaki zilizovikwa karatasi, zinazofungwa kwa skrubu kwenye fremu za chuma. Jina alilipata kwa sababu hapimi kitu mara moja. Hata mkate, kabla hajaukata, atauangalia pande zote mbili.

Siku ambayo bibi alikuwa anatoka hospitali, shangazi alifika kwetu saa nane mchana. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, na kumshusha kitandani kulihitaji watu wawili. Chumba pekee kisicho na ngazi kilikuwa karakana ya baba mdogo, anayechomelea mageti. Walikubaliana kukigawa: nusu ya bibi, nusu ya mageti. Fremu ya ukuta shangazi aliisimamisha jana yake. Bodi alizinunua baba mdogo, kumi na mbili, za kijani. Bibi angeletwa saa kumi.

Shangazi hakuzigusa. Alienda akajilaza kwenye kitanda cha bibi, miguu nje ili viatu visichafue shuka, akawa anautazama ukuta ambao bado haupo. Ndivyo anavyoanza kazi, anakaa kwanza mahali atakapokaa mwenye chumba.

"Hizi nani kachagua?" akauliza akiwa vilevile chali.

"Mimi," baba mdogo akasema. "Nimechukua za bei ya juu, dada. Hizi hata maji hayaziwezi."

"Mama ataoga humu?"

"Hapana."

"Wewe huko upande wa pili unafua?"

Baba mdogo akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Unarusha cheche," shangazi akasema. "Kijani ni za bafuni. Hapa panataka za pinki, za kukinga moto."

"Jipsamu ni jipsamu, haiungui. Usinifundishe moto, dada, nimeushika miaka kumi na tano."

"Ndiyo maana umeuzoea."

Baba mdogo aliposikia hilo akachukua kisu, akalaza bodi moja chini, akaikata. Tulijua maana yake. Duka halipokei tena bodi iliyokatwa. Tena alikuwa na geti la mwalimu mmoja la kumaliza usiku huohuo, na alihitaji ukuta umesimama ndipo awashe mashine.

"Nitazifunga mwenyewe," akasema.

Shangazi akainuka. Kwenye mkoba wake alikuwa na kipande cha bodi ya pinki, kimebaki kazi nyingine. Akakichukua pamoja na kile cha kijani kilichokatwa, akatoka navyo uani, akavisimamisha juu ya meza ya chuma.

"Washa bomba lako la gesi. Dakika sawa kwa sawa. Yangu ikianguka, nazifunga hizo zako sasa hivi na sisemi tena."

Baba mdogo alianza kuchoma ya kijani. Karatasi ikaungua, ikaisha, bodi ikabaki imesimama. Baba mdogo akanitazama kama mtu aliyekwisha shinda. Lakini mistari myembamba ikaanza kutokea, kama tope lililokauka. Shangazi alikuwa anaangalia saa ya simu yake tu. Dakika ya kumi na moja akaigonga kwa ncha ya penseli. Kipande kikadondoka, na moto ukapita kwenye tundu ukatokea upande wa pili.

Ya pinki nayo iliungua karatasi, ikawa nyeusi, ikapata nyufa. Dakika ya kumi na moja akaigonga. Ikabaki. Ilipopoa akamega pembe, akamwonyesha nyuzi ndogo ndogo za kioo zinazong'aa ndani, ndizo zilizoishikilia.

"Moto ukishika huko kwako," akasema taratibu, "dakika hizi ndizo za kumtoa mama. Peke yako unamwinua?"

Baba mdogo akafunga gesi. Honi ikapigwa nje. Walikuwa wamemleta bibi saa tisa, saa moja kabla ya muda.

Bibi aliingizwa amekaa kwenye kiti, watu wawili wakimbeba. Wakamlaza. Akaangalia zile fremu tupu, na ng'ambo yake mageti na mitungi ya gesi.

"Huu ukuta umekonda kuliko mimi," akasema. "Mbavu tupu."

Shangazi alikuwa anafunga mkoba wake, macho kwenye zipu. Niliona baba mdogo anatafuta neno, na nikajua uongo uliokuwa karibu: bodi zimechelewa, mama.

"Nilikosea bodi," akasema. "Kesho nazibadilisha."

"Kesho utazifunga?" bibi akauliza.

"Dada atazifunga. Akikubali."

Akavuka katikati ya fremu, akachomoa waya wa mashine ya kuchomelea, akauzungusha mkononi hadi mwisho, akamwekea shangazi mkononi.

"Kaa nao mpaka ukuta usimame."

"Na geti la mwalimu?" shangazi akauliza.

Baba mdogo alienda kona ya mbali ya karakana kumpigia mwalimu, lakini kwa kuwa ukuta haupo tulisikia yote, hadi sauti ya mwalimu ikifoka kwenye simu. Baba mdogo alirudia samahani mara nne.

"Mwambie kwamba mama yako amerudi nyumbani," bibi akamwambia kutoka kitandani, bila kupandisha sauti.

Shangazi akachomoa penseli na futi, akaanza kupima fremu tena.