Upenu Nilioulazimisha

Wateja wangu wa maandazi huniuliza, "Shikamoo bibi. Mbona hurefushi bati hapa mbele? Tunaungua jua."

"Marahaba. Ungueni," nawajibu.

Nyumba yetu ni ya chini, ya zamani, imebanwa na maghorofa ya Kariakoo. Hapo mbele palikuwa na ukuta mfupi uliopanda kupita bati, ukalificha. Mimi sikuupenda. Maji yalituama nyuma yake yakavujia chumbani, na barazani hapakuwa na kivuli. Nikamwambia mume wangu auvunje, atoe upenu mrefu mpaka ukingo wa mtaro, nikaange kwa raha.

Mume wangu alikuwa fundi wa mapaa. Shule hakwenda sana, kama mimi, lakini upepo aliujua.

"Bibie, kile kiukuta kina kazi," akasema. "Upepo ukipanda na ukuta wa mbele, chenyewe kinaurusha juu, bati lisinyakuliwe pembeni. Ukikivunja, ukaweka na upenu mrefu, upepo utaingia chini usukume, na juu uvute. Hujawahi kushika mwavuli siku ya upepo?"

"Upepo gani, na maghorofa yote haya yametuzunguka?"

"Hayo ndiyo yanayousukumia uchochoroni. Ukifika kwetu umeshakasirika."

"Sema umezeeka, unaogopa ngazi."

Mafundi wenzake walikuwepo, wakacheka. Neno lile ningelirudisha kinywani, kama maneno yangerudi. Kesho yake akavunja ukuta, akatoa upenu. Kila mbao aliifunga waya mara mbili.

Misimu miwili nikakaa kivulini nikimtania. Masika ya tatu, mchana, upepo ukaja na mvua. Pembe ya upenu ikaanza kupiga makofi. Nikapiga kelele, "Panda basi, unga wangu unalowa!" Akapanda na kamba. Bati likainuka pamoja na mbao aliyoishika, likamtupa barabarani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi. Guu lililovunjika ni lake.

Paa lilijengwa upya na wale wale waliocheka. Yeye aliketi kwenye kiti cha plastiki, akielekeza kwa mkongojo: kiukuta kirudi, kitobolewe tundu la kutolea maji, upenu usizidi urefu wa mkono. Tundu! Kumbe maji yale dawa yake ilikuwa tundu tu, nami sikumuuliza.

Nilingoja aseme, "Nilikwambia." Hakusema. Aliuliza tu, "Na kivuli chako je, bibie?"

Siku hizi nyundo ikilia kwa jirani, huinua uso akasikiliza. "Msumari ule haukupata mbao," husema. Kisha huitazama ngazi yake iliyoegemea ukutani, muda mrefu. Haiogopi. Hajawahi kuiogopa.