Jina la Mteja wa Machteld

Godelieve hakuwa na subira na watu wasiojua kufuta miadi. Angekusamehe kuchelewa, angekusamehe kumwachia matope mlangoni siku ya mvua, lakini mtu anayeweka miadi ya saa nane, na ikifika saa nane amezima simu, huyo kwake hakufaa hata kusalimiwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akijiuza kwa kujitegemea katika jiji la Ghent, bila bosi, bila danguro, bila mwanamume wa kumpangia. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya kituo cha treni. Majirani walijua, na walikuwa wamekwisha kuchoka kujua.

Masharti yake aliyaandika wazi kwenye tangazo. Mteja anathibitisha asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa tatu. Asipothibitisha, hakuna miadi, na asije kubonyeza kengele akidhani atahurumiwa. Anayefuta afute siku moja kabla, kwa maneno mawili ya adabu, wala asisingizie kwamba bibi yake amefariki, maana Godelieve alikwisha kuzika mabibi wa wateja wa kutosha kujaza makaburi ya mtaa mzima. Na yeye naye alijiwekea sharti: mteja akishafuta, hamtafuti. Hampigii, hamwandikii, haulizi kulikoni. Mteja ana mke, ana watoto, ana simu inayolala juu ya meza ya chakula. Akitaka kurudi, atarudi mwenyewe.

Sharti moja halikuwa kwenye tangazo. Hilo lilikuwa kati yake na Machteld.

Machteld alifanya kazi hiyo hiyo, ila yeye aliwafuata wateja hotelini na majumbani. Walikuwa marafiki kwa miaka kumi na moja, marafiki wa kuazimana nguo na kukosoana mapishi. Kila mmoja, kabla ya kukutana na mteja, alimtumia mwenzake ujumbe: jina, mahali, namba ya simu na saa ya kumaliza. Akishamaliza, anatuma neno moja tu, "Salama." Zikipita dakika kumi na tano bila neno, unapiga simu. Ikipita nusu saa, unaacha ulichokishika unaenda kumtafuta, na polisi unawapa lile jina. Walikuwa wameshikiana uhai namna hiyo zaidi ya mara elfu, na jambo baya kuliko yote lililowahi kutokea ni Machteld kusahau simu kwenye kikapu cha baiskeli.

Basi mwezi wa Februari, Bwana Firmin akafuta.

Firmin alikuwa fundi wa piano aliyezunguka mji kwa gari lake, aliyefiwa na mke, mpole kupita kiasi. Kwa miaka tisa alikuja Jumatano saa nane mchana, kila baada ya wiki mbili, na keki ya wali ndani ya boksi la duka la mkate. Hakuwahi kuchelewa kuthibitisha hata siku moja. Sasa ukaja ujumbe, siku moja na nusu kabla. Alisikitika kufuta miadi ya Jumatano. Angefanyiwa upasuaji wa goti na angehitaji muda mrefu kupona. Asimsubiri, nafasi yake ampe mtu mwingine. Angeandika akiwa tayari. Akashukuru kwa ukarimu wote.

Godelieve alimwonyesha Machteld ujumbe huo jikoni kwake, wakila viazi vya kukaanga kwenye karatasi.

"Umeona mtu na adabu zake?"

"Nimeona."

"Siku moja na nusu kabla! Na sababu katoa, na hajaua bibi wa mtu!"

Machteld alicheka, akachovya kiazi kwenye mayonezi. "Sasa mbona unataka kulia, shoga?"

"Nani analia? Ni kitunguu hicho."

"Kitunguu kiko wapi hapa, mama?"

Godelieve akajifuta macho kwa kiganja. "Miaka tisa, Machteld. Si nimpigie tu nijue goti linaendeleaje?"

"Wewe? Wewe uliyenifokea nilipompigia yule daktari wa meno? Mtu kafuta vizuri, muache apone."

Godelieve akaona mwenzake amesema kweli. Akamwacha Firmin apone. Kila Jumatano ya zamu yake alijikuta anatazama simu asubuhi, halafu anajikaripia kwa sauti, peke yake chumbani, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Zikapita wiki kumi. Jumatano moja ya Aprili, akiwa anapiga pasi mashuka, ukaingia ujumbe wa Machteld: Albert, hoteli ile ndogo karibu na mto, chumba cha kumi na mbili, saa saba mpaka saa tisa. Namba ya simu chini yake. Godelieve akajibu "Nimepata," akaendelea na mashuka.

Saa tisa ikafika, hakuna neno. Saa tisa na robo akapiga, simu imezimwa. Akachomoa pasi. Saa tisa na nusu alikuwa juu ya baiskeli, na watalii walimkwepa darajani kwa jinsi alivyokuwa akikanyaga.

Binti wa mapokezi hotelini alimtazama kwa mshangao. Chumba cha kumi na mbili kilikuwa kinapakwa rangi tangu Jumatatu. Albert? Hakuna Albert. Godelieve akapiga namba aliyoachiwa, akaambiwa namba hiyo haipo. Akatoka nje.

Polisi angewaambia nini? Kwamba rafiki yake ameingia chumba kisicho na kitanda na mtu asiye na jina? Wangeuliza anafanya kazi gani, kisha wangemwambia asubiri mpaka kesho. Alihitaji mtu mwenye gari, anayeujua mji, ambaye hatamcheka. Katika mji wote ule mtu huyo alikuwa mmoja. Godelieve akalivunja sharti lake la miaka kumi na minne, akampigia mteja aliyefuta.

Firmin alipokea simu kwenye mlio wa tatu.

"Bwana Firmin, nisamehe, najua unauguza goti. Ni Machteld, rafiki yangu. Kapotea. Nakuomba gari, nakuomba sana."

Akamsikia akisema, mdomo ukiwa mbali na simu, "Ni Godelieve. Anakutafuta wewe."

Godelieve akakaa chini, pale pale kwenye mawe ya barabara.

"Shoga," ikaja sauti ya Machteld, nzito ya usingizi. "Simu iliisha chaji. Nilipitiwa."

"Ulipitiwa."

"Tungekuambia, wallahi tungekuambia. Tulikuwa tunatafuta siku nzuri."

"Goti lake je?"

"Goti halina kitu."

"Ile meseji ya kufuta, nani aliiandika?"

"Mimi," Machteld akasema polepole. "Yeye hakujua aandikeje asikuumize. Mimi najua unavyopenda ziandikwe."

Niseme jambo moja, kwa sababu watu wakisikia habari hii hukimbilia kudhani ni wivu. Mteja si mali ya mtu, na Godelieve alilijua hilo kuliko wengi. Machteld angekuja akasema, "Firmin ananitaka mimi," Godelieve angenuna wiki moja, angemwita mwizi wa keki, halafu wangecheka. Uchungu wake haukuwa wa Firmin.

"Tangu Februari umenitumia majina mangapi ya uongo?"

"Godelieve..."

"Mangapi?"

"Matano. Na hili la leo."

Mara tano alikuwa amekaa na simu mkononi akihesabu dakika. Mara tano alipumua alipoona "Salama." Alikuwa akimlinda mwenzake dhidi ya watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

"Ungeuawa humo ndani," akasema, "mimi ningezunguka mji mzima namtafuta Albert."

"Firmin? Firmin hawezi kuua nzi, jamani!"

"Mimi hata nyumbani kwake sipajui, Machteld. Ungeozea humo."

"Lakini sijafa," Machteld akasema, na alianza kulia. "Niko hapa. Sijafa."

Godelieve akakata simu. Alirudi akisukuma baiskeli, kwani kuipanda hakuweza.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, mteja wa Alhamisi alithibitisha, mwalimu kutoka Aalst, kwa adabu zote: angefika saa tano. Godelieve akamjibu anakaribishwa. Alitandika kitanda, akaoga, akavaa. Saa tatu akafungua simu, na vidole vikaanza vyenyewe kuandika jina la mwalimu, namba yake na saa ya kumaliza, kwenda kwa Machteld. Akasimama katikati ya neno.

Alifikiria watu wote anaowajua. Dada yake wa Ostend aliamini kwamba yeye anauza viatu. Wanawake wengine wa kazi hii aliwajua kwa majina ya tangazo tu, na majina ya tangazo si majina. Hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye, saa sita ikipita robo, angeuliza Godelieve yuko wapi.

Akafuta alichoandika. Akamwandikia mwalimu kwamba leo haitawezekana. Hakutoa sababu, kwa kuwa ya kweli ilikuwa ndefu na ya uongo hakuitaka.

Jibu lilikuja upesi. "Saa mbili kabla? Nimeshapanda treni. Nilidhani wewe ndiye mwenye masharti."

"Una haki," Godelieve akaandika. "Nisamehe." Kisha akaketi juu ya kitanda alichokitandika, na sasa ndipo akalia, kwa sauti, bila kujali majirani.