Lockdown ya Sydney: nilivyopiga ribiti kwenye Spitfire ya jirani yangu, na lile tundu nililoficha

Wakuu, poleni na majukumu.

Najua mtu akianza habari za ndege humu anaambiwa ni chai. Hii nimeishika kwa mikono yangu miwili. Anayeona ni chai, anywe taratibu tufike wote mwisho.

Mimi ni Mbongo, fundi wa kunyoosha bodi za magari. Kazi nilijifunzia gereji moja Morogoro, na huku Sydney nipo kwenye panel shop moja Bankstown. Naishi Penrith na mke wangu, Mama Neema, anayehudumia wazee kwenye aged care, pamoja na binti yetu.

Ikaja ile lockdown ndefu ya 2021.

Watu hawaendeshi magari, kwa hiyo hawagongani. Panel shop ikafungwa. Mama Neema ni essential worker, anatoka kila siku. Mimi nimebaki na Neema anayesomea kwenye laptop. Namuuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu, "Dad, I'm in class."

Sasa kila asubuhi nikawa nasikia kitu upande wa pili wa fensi. Trrrr. Kimya. Trrrr. Halafu tusi la Kiingereza.

Fundi bodi ana sikio lake. Ile ilikuwa ribiti, kile kipini cha kushikiza bati kwa bati, inapigwa vibaya.

Siku ya tatu nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia. Jirani yetu ni Mzee Colin, mgane wa miaka sabini na nne, fundi umeme mstaafu. Miaka miwili tulikuwa tunapungiana mikono tu. Mlango wa garage yake uko wazi, na ndani kuna bawa la ndege.

Nikamuuliza, "Mzee, unapiga ribiti peke yako?"

"Mwenzangu anakaa mbali, haruhusiwi kuja," akasema. "Kwani wewe unajua ribiti?"

"Mzee, mimi bati ndiyo maisha yangu."

Niwaeleze kidogo. Ribiti za ndege zinataka watu wawili. Mmoja yuko nje na bunduki ya upepo, mwingine yuko ndani amekandamiza kipande cha chuma ili mkia wa ribiti ulale. Mzee alikuwa anajaribu kufanya yote mawili, na vidole vyenyewe vimevimba kwa arthritis.

Sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu anayeishi peke yake kuchagua mgeni mmoja tu wa kumtembelea. Waliita singles bubble. Mzee Colin akanichagua mimi.

Mama Neema alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Neema, nenda. Barakoa usoni, mlango wa garage wazi, na upime kila ninapopima mimi. Ukimpelekea yule mzee corona, usirudi humu."

Ndivyo nilivyoanza.

Ile ndege ilikuwa nakala ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya vita ya pili ya dunia, ila kwa robo tatu ya ukubwa. Kiti kimoja. Mzee alikuwa kwenye mwaka wa kumi na moja wa kuijenga. Baba yake alikuwa fundi wa zile halisi wakati wa vita, akizitengeneza wenzake warushe, na hakuwahi kupanda hata moja. Mzee aliniambia hilo mara moja tu, huku anatafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake.

Wakuu, nilifurahi kama mtu aliyeajiriwa upya. Asubuhi tunapiga ribiti, saa sita anatoa sandwich, mimi natoa chapati za Mama Neema. Baada ya wiki mbili sandwich zilikufa kifo cha kawaida.

Kisha nikaharibu.

Siku hiyo Mzee alikuwa ndani anaongea na daktari kwa simu. Mimi nikaendelea kutoboa bati la chini ya bawa. Drill ikateleza. Tundu likapanuka kama yai, na likaingia mpaka kwenye boriti kuu, ule mhimili unaobeba bawa zima.

Kwenye gari hilo si tatizo. Unaweka puti, unapiga msasa, unapaka rangi, mwenye gari anashukuru. Nikafanya kifundi chetu: nikatafuta ribiti nene, nikaikandamiza, nikalainisha. Mzee akarudi, akapitisha kidole juu yake, akasema, "Lovely job, mate."

Hilo neno lilinikaa vibaya.

Siku mbili nilikuwa natazama lile bawa na kumuona yule mzee yuko angani, amekalia siri yangu. Siku ya tatu nikavua glovu.

"Mzee, kuna ribiti moja nimekudanganya."

Nikamwonyesha. Nikamweleza yote, na puti za Morogoro nikazitaja. Akaenda akakaa kwenye kiti chake cha plastiki uani, muda mrefu, ameipa garage mgongo. Nikajua bubble yangu imeisha.

Aliporudi alikuwa ameshika drill.

"Tunalibandua bati lote," akasema. "Wewe anza upande ule. Na asante kwa kusema. Mimi nisingeiona."

Tulitoa ribiti moja moja. Picha zikatumwa kwa engineer, akatuchorea kipande cha kuongezea nguvu kwenye boriti. Wiki tatu nzima tulikuwa tunarudi nyuma. Wakuu, katika hizo wiki tatu hakunikumbusha kosa langu hata mara moja.

Mwaka uliofuata, baada ya ukaguzi, tuliipeleka kwenye uwanja mdogo nje ya mji. Mzee ana leseni, ila mwenyewe aliamua kwamba kwa vidole vile safari ya kwanza airushe Sue, mwalimu wa urubani anayemwamini.

Injini ilipowaka Mzee akanishika mkono, akasema, "Siwezi kuangalia." Akaenda kusimama nyuma ya hangar, lile banda la ndege. "Wewe niambie."

Nikasimama kwenye kona ili nione pande zote mbili, nikawa mtangazaji wa mpira. Nilianza kwa Kiingereza kizuri tu. Anakuja, mkia umenyanyuka, speed nzuri. Magurudumu yalipoachia ardhi Kiingereza chote kikaniruka.

"Imepaa Mzee, imepaa, inaenda, bawa limetulia kabisa, mama yangu, inageuka!"

Hajui neno hata moja la Kiswahili. Alikuwa anatikisa kichwa, "Yes, yes," machozi yanaingia kwenye barakoa.

Sue alitua salama, akasema inavuta kulia kidogo. Mzee akakimbilia notebook yake kama mtu wa miaka thelathini. Wiki chache baadaye, baada ya kurekebisha, alipaa nayo mwenyewe, na safari hiyo aliniambia nikae kimya, anataka kusikiliza injini.

Nilichojifunza ni hiki: ukiharibu kazi ya mtu, mwambie wakati bado ribiti zinang'oleka. Aibu yake ni ya mchana mmoja.

Mafundi wenzangu, wauguzi, madereva, wapishi: nani amewahi kuungama kosa ambalo hakuna mtu angeligundua? Bosi alikufanyaje? Tiririkeni hapo chini. Mimi leo niko off, nasoma zote.